Léontine na Ndege wa Mpunga

Asubuhi, katika nyumba moja ya kupanga mjini Kasongo, sauti ya kwanza ilikuwa ya Léontine. Aliwasha makala, akaweka maji ya chai, kisha akamvuta Rehema mguu. Rehema alikuwa mwenzake wa chumba. Wote wawili walisoma sheria chuoni. Rehema alipenda usingizi, na alikuwa akisema kwamba Léontine alimeza jogoo utotoni. Walicheka, wakanywa chai, wakaenda darasani, silabusi, daftari zao za masomo, juu ya kichwa kuzuia jua.

Kisha, msimu mmoja, jogoo akanyamaza.

Haikutokea kwa siku moja. Kwanza Léontine aliacha kuimba akifua nguo. Kisha akaacha kula. Alisema wali umepoa, hata ukiwa bado unatoa moshi. Alifungua silabusi, akasoma mstari, akaurudia, akaurudia tena. Maneno yalipita mbele yake kama majani yanayoelea juu ya Lualaba. Aliyaona, lakini hakuyashika. Mchana alilala. Alfajiri aliamka kabla ya watu wote, lakini hakuinuka. Alitazama bati la paa, akaona kama kitanda chake kimewekwa chini kabisa ya mto, na watu wanaongea huko juu, ndani ya mitumbwi, mbali.

Rehema alimtania kwanza. Alimwita Présidente wa kitanda. Baadaye akamkasirikia, kwa sababu zamu ya maji ilikuwa ya Léontine na bidoni lilikaa tupu. Lakini siku moja alirudi kutoka darasani akamkuta Léontine ameketi vilevile alivyomwacha asubuhi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Léo, unaumwa wapi?"

"Siumwi fasi yoyote," Léontine alisema. "Ile ndiyo inaniogopesha."

Rehema akachukua simu, akampigia baba yake Léontine.

Baba yake, Antoine, alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Wamaza, katika teritwari ya Kabambare. Alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Tangu siku binti yake alipoingia chuo, Antoine hakumwita tena kwa jina. Alimwita Maître, kama wanasheria wanavyoitwa. Aliwaambia wauza chumvi, aliwaambia waendesha pikipiki, alimwambia hata mchungaji wa kanisa: Maître wangu iko Kasongo. Sasa alimpandisha Maître wake nyuma ya pikipiki, akamfunga kiunoni kwa kikwembe cha mama yake asianguke, akamrudisha nyumbani.

Nyumbani kwao kila mtu alifanya kazi. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa jambo jingine. Mama yake, Célestine, alisema mtoto aliyesoma hivyo kichwa chake kimechoka, lazima apumzike. Asiguse kinu. Asichote maji. Asifagie. Wakampa chumba cha nyuma na kitanda kizuri kuliko vyote. Pazia likashushwa ili jua lisimsumbue. Nadine, mdogo wake, aliambiwa atembee kwa ncha za vidole. Kuku alichinjwa, na sahani ikaletwa kitandani imefunikwa, kama kwa mgeni wa mbali. Nyumba nzima ikawa inanong'ona.

Majirani walileta maelezo yao. Mmoja alisema kuna mtu amemfunga kwa wivu. Mwingine alisema ni vitabu, vikizidi vinakula ubongo. Mwingine alisema ni uvivu wa mjini tu. Baba Antoine hakujua amwamini nani. Mwisho akaviogopa vitabu. Akachukua silabusi alizokuja nazo binti yake, akazificha darini. Akamwambia mkewe kwamba siku za mitihani zikifika, Léontine haendi. Chuo kilimharibia mtoto, hakitampata tena.

Léontine aliyasikia yote nyuma ya pazia. Alitaka kusema kwamba anaipenda sheria. Alitaka kusema kwamba chuo ndicho kitu alichokililia tangu utotoni, na sasa kinamponyoka. Lakini kila neno lilikuwa zito kama gunia lililoloa, naye hakuwa na mikono ya kulibeba.

Uani, mama na Nadine walitwanga mpunga katika kinu kimoja. Mchi wa mama, mchi wa Nadine, mchi wa mama. Zamani kulikuwa na mchi wa tatu kati yao, wake. Sasa nafasi yake ilikuwa imefungwa, kama maji yanavyojifunga kasia likitoka. Léontine akawaza: wanaweza bila mimi. Wazo hilo lilikuwa laini kama usingizi. Na kwa kuwa lilikuwa laini, lilikuwa na hatari.

Mama Célestine ndiye aliyekwenda kituo cha afya. Alikwenda kuomba dawa ya kuongeza damu. Muuguzi wa pale aliitwa Mama Fatuma. Alitoka katika familia za Waislamu wa Kasongo mjini, lakini alikuwa amefanya kazi Wamaza mpaka akayazoea matope yake. Alikuwa na mdomo wa utani, na sikio lililosikia hata neno ambalo mtu hakulisema. Hakutoa dawa. Aliuliza mgonjwa yuko wapi. Kesho yake akaja mwenyewe.

Kwanza alimtoboa Léontine kidole, akapima malaria na damu. Malaria haikuwepo. Damu ilikuwa nzuri. Baba Antoine akapumua, akasema basi mtoto hana ugonjwa. Mama Fatuma akamwambia angoje, bado hajamaliza kupima. Akaketi juu ya mkeka, karibu na kichwa cha Léontine, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Akauliza hali hii ilianza lini. Akauliza habari za usingizi, habari za chakula, na kitu gani kinamfurahisha. Léontine alijibu polepole. Swali la mwisho alishindwa kulijibu. Mama Fatuma hakumharakisha.

Kisha, kwa sauti ileile aliyoulizia chakula, akasema, "Mwanangu, unafikiriaka kufa?"

Mama Célestine alijishika mdomo. Baba Antoine akasema maneno kama hayo hayaulizwi, yanaita mabaya.

"Hayaiti kitu, Baba Léontine," Mama Fatuma alisema. "Yanafungua mulango. Wacha mutoto ajibu."

Léontine alitazama pazia. "Sifikirii kujiua," akasema. "Lakini ninatamani kulala, nisiamuke tena. Naona niko muzigo. Wote munatembea kwa vidole, kama kuna maiti ndani ya nyumba."

Mama Célestine alipanda kitandani, akaichukua miguu ya binti yake, akaipakata.

Mama Fatuma alieleza palepale, mbele ya Léontine. Alisema ugonjwa huu una jina. Kwa Kifaransa unaitwa dépression, kwa Kiswahili unaitwa sonona. Kila mtu husononeka siku chache, kisha moyo hurudi. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi, ikachukua usingizi, hamu ya kula, nguvu na furaha, hapo mtu ni mgonjwa, kama vile wa malaria ni mgonjwa. Si uvivu. Si ulozi. Vitabu havili ubongo wa mtu. Wanafunzi wengi wanaupata, kwa sababu wako mbali na kwao, wamebeba matumaini ya ukoo mzima, na wanaona haya kusema kwamba wamechoka. Na unatibika.

Baba Antoine aliuliza dawa yake ni ipi, aifuate hata Kasongo.

Mama Fatuma alisema vidonge vipo, lakini daktari wa hospitali ndiye anayeamua. Wasivinunue sokoni. Wampeleke hospitali kama wiki chache zitapita bila nafuu. Na hamu ya kufa ikizidi, wampeleke siku hiyohiyo, wasingoje. Mpaka hapo asiachwe peke yake. Kuomba waombe, hakuna ubaya. Lakini kuna dawa nyingine, iko hapahapa nyumbani, na wao wamemnyima.

Mama Célestine aliumia. Alisema amempa kuku, amempa kitanda, amempa kimya.

"Munamuheshimu sana, dada yangu," Mama Fatuma alimjibu. "Mumemuzika ndani ya heshima. Mutu wa sonona anangojea nguvu ije, ndipo afanye kazi. Nguvu haiji. Afanye kidogo kwanza, nguvu itamufuata nyuma. Lakini kidogo kweli. Leo mulangoni tu." Akamgeukia Léontine. "Nakuuliza tena. Zamani, ulipokuwa mudogo, ulipenda nini?"

Léontine alifikiri mpaka wakadhani amelala.

"Kufukuza ndege," akasema.

Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa, na ndege walikuwa wengi. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Baba Antoine aliuliza kama mwanafunzi wa droit, wa sheria, atasimama shambani kufukuza ndege. Watu watasema nini?

"Ndege hawaulizi diplome," Mama Fatuma alisema. "Na wale watu, siku utamuzika mutoto, watakuja kula wali, watarudi kwao."

Baba Antoine alisimama, akaenda dirishani, akalivuta pazia pembeni.

Siku ile Léontine alifika mlangoni. Aliketi kidogo kwenye jua, akarudi kulala. Mama yake alimpongeza kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona kulikuwa kumekwisha. Siku zilizofuata alinawa uso, akachambua majani ya sombe, akala na wenzake katika sahani moja. Nadine akamletea mchi. Walitwanga vibaya. Michi iligongana, mpunga ukaruka nje, kuku wakafurahi.

"Yaya, unatwanga kama avocat," Nadine alimtania dada yake, wakili wa kesho.

Na alfajiri walikwenda shambani. Ukungu ulilala juu ya mpunga, mweupe, kama nchi ilikuwa bado inaota. Kamba zenye mikebe zilitoka kwenye kibanda cha kulindia shamba, zikaenda mpaka pembe zake. Ukivuta, mikebe ililia, na ndege wadogo waliinuka wote pamoja, kama shuka linalokung'utwa. Waligeuka hewani, wakatua mbele kidogo. Léontine alivuta kamba. Mara nyingi hakusikia kitu chochote moyoni. Alivuta hivyohivyo. Jua lilipanda, ukungu ukapasuka vipande vipande, umande ukamlowesha kikwembe. Na mara mojamoja alishangaa kwamba anasikia baridi, kwamba ile miguu ni yake.

Si kila siku ilikuwa njema. Asubuhi moja hakuweza kuinuka kabisa. Baba Antoine alidhani kazi yote imeharibika. Lakini Mama Fatuma, aliyepita kuwaona kila wiki, alikuwa amewaonya. Njia ya kupona ina mashimo kama njia ya kwenda Kabambare. Pikipiki ikiingia shimoni, haijarudi ilikotoka. Mnashuka, mnasukuma. Basi siku hiyo Mama Célestine alileta ungo wake chumbani, akachagua mchele kando ya binti yake mpaka jua likageuka. Walisema machache. Siku iliyofuata Léontine alivaa viatu vyote viwili, akatoka.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kamba ilikatika, na ndege wakawa wakaidi. Léontine alipanda juu ya kichuguu. Akawapigia kelele kwa Kifaransa cha darasani. Akawashitaki kwa wizi wa mpunga. Akataja mashahidi. Akawahukumu wote kifungo cha maisha. Kundi zima likainuka. Nadine alianguka kwa kicheko, akasema wale wana haki ya kukata rufaa. Na Léontine akasikia mtu mwingine anacheka, karibu sana, akageuka amtafute. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe.

Baba Antoine alikuwa njiani, panga begani. Alisikia, akasimama. Hakuendelea na safari ya shamba. Alirudi nyumbani, akapanda darini, akashusha silabusi, akazikung'uta pumba na vumbi. Binti yake aliporudi, alizikuta juu ya meza, na baba yake ameketi kando yake.

"Unataka kurudi?" baba aliuliza.

"Nataka. Lakini naogopa."

"Na mimi naogopa," baba alisema. "Tutaogopa wawili."

Léontine alirudi Kasongo kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Alimwona daktari wa hospitali, akazungumza naye, wakapanga siku za kuonana tena. Aliwaambia walimu wake kwamba alikuwa mgonjwa, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kusema ni ugonjwa gani. Wakamruhusu kufanya baadaye mitihani iliyompita alipokuwa nyumbani. Asubuhi sasa ni Rehema aliyemvuta mguu. Walisoma kidogo, wakatembea, wakarudi kusoma. Mwisho wa mwaka alipita, ila somo moja lilimbakia kurudia. Nyumbani hakuna aliyelililia somo hilo.

Katika nyumba ileile ya kupanga kulikuwa na mwanafunzi mwingine aliyeanza kufunga mlango mchana. Wenzake walisema ana majivuno. Léontine alibisha hodi, akaingia, akaketi chini, akamuuliza hali hii ilianza lini.

Msimu wa mpunga ulipofika tena, alikwenda likizo. Mwendesha pikipiki alimshusha mbele ya nyumba, akamtazama, akamuuliza Baba Antoine kama huyu ndiye yule Maître ambaye njia nzima inasikia habari zake.

Baba Antoine alipokea mfuko wa binti yake, akauweka begani.

"Huyu ni Léontine, mutoto wangu," alisema. "Angalia mupunga yote ile. Hakuna mutu anafukuza ndege kumupita yeye."