Chupa Aliyobeba Karugendo

Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1938, saa kumi na moja jioni, mvua ilimzuia rafiki yangu Karugendo katika nyumba ya wageni Kemondo. Alikuwa akitoka Muleba na chupa ya dawa ya mke wangu, Joviana.

Chumba kilikuwa na giza, sakafuni nyasi mpya za kumpokea mgeni. Akasikia nyasi zikikanyagwa polepole hadi kitandani.

“Mama, ni wewe?”

“Niko jikoni, mwanangu,” mwenye nyumba akajibu kwa mbali.

Hatua zikarudi mlangoni. Karugendo akapapasa chupa. Kizibo kilikuwa kimekazwa vilevile, lakini ilikuwa tupu.

Jumapili alinipa, nikainusa. Ndiyo harufu iliyotoka midomoni mwa Joviana nilipomfumba macho, Jumamosi saa ileile.

Ee Bwana, umpumzishe kwako.