Kirungu Chenye Joto

Kirungu kilikuwa na joto. Mama Beseni alikigusa asubuhi, kabla hata hajafungua dirisha la karakana, akadhani mkono wake ndio wenye homa. Akakigusa tena kwa kiganja kizima. Lilikuwa joto la kitu kilichoachiwa sasa hivi na mtu aliyekishika muda mrefu, na karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu jana jioni.

Alimwambia mumewe. Fundi, ambaye magoti yake hulalamika kabla yeye mwenyewe hajainuka, alisema hata yeye angekuwa na joto kama angepata mtu wa kumshikashika. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kila mmoja akaenda kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kufufua kontroli kuukuu za boti, vile visanduku vya chuma vinavyokaa ubavuni mwa nahodha, vyenye mpini mmoja na kirungu juu yake. Ukisukuma mpini mbele, boti inakwenda. Ukiuvuta, inarudi nyuma. Ukiusimamisha wima, injini inanguruma bure na boti haiendi popote. Fundi alifungua, akasugua kutu, akabadilisha springi na gololi. Mkewe aliosha vipuri kwa mafuta ya taa, na ndipo jina lake lilipotoka. Walikuwa na sheria mbili tu. Kila kontroli na beseni lake, vipuri visichanganyike. Na jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mpini usimame wima.

Kontroli iliyokuwa kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma mezani, ilikuwa ya mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee. Kijana huyo huvusha abiria ziwani, na binti hukaa naye mbele kila safari. Boti ilikuwa imefungwa gatini kwa kukosa kontroli, na vijana walikuwa wanaishi kwa chumvi ya jirani.

Asubuhi iliyofuata mpini haukuwa wima. Ulikuwa umesukumwa mbele mpaka mwisho, na chini yake sakafu ilikuwa na maji yanayonuka tope na petroli. Fundi akasema springi ni mbovu, akaweka mpya. Mchana, wote wawili wakiwa wameipa mgongo, walisikia ka, mlio wa gololi ikiingia kwenye kishimo chake. Walipogeuka, mpini ulikuwa mbele tena.

"Umeugusa?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeugusaje, mume wangu? Mikono yangu si hii, imo kwenye beseni."

Alipotaja beseni, alijikata maini mwenyewe. Alikumbuka siku ile mgongo ulipokuwa unamwaka, muuza vyuma chakavu alipowaletea kontroli nyingine ya zamani, iliyonaswa na nyavu kutoka kwenye boti iliyozama. Habari ya boti ile kila mtu gatini anaijua: nahodha alishikilia mpini mpaka abiria wa mwisho akaokolewa, na hakupatikana mtu wa kumpokea mpini. Hakuonekana tena. Mama Beseni, kwa uvivu wa kuchota mafuta mara mbili, alizitumbukiza kontroli zote mbili katika beseni moja. Virungu vilifanana, vyote rangi ya meno ya mvutaji. Kisanduku cha boti iliyozama kilikuwa kimekwisha kuuzwa, kikayeyushwa, pamoja na kirungu kimoja. Hakujua kipi.

Hakusema. Kusema kulikuwa na maana ya kuanza upya, na mumewe alikuwa hana nguvu ya kuanza lolote. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Alasiri wingu lilitanda, Fundi akajilaza kwenye benchi apunguze uchovu, na Mama Beseni akabaki na beseni lake akisikiliza mvua inayosita kunyesha, ndipo harufu ya tope ikaingia bila mlango kufunguliwa, ikajaa puani na kooni hata akaona kama anakunywa ziwa, na kutoka pale kwenye jiliwa, si kwa sauti kubwa wala ya kutisha bali kwa sauti ya mtu aliyechoka kupita kiasi, kitu kikasema nipokee, nimechoka, nipokee kidogo tu; naye akataka kupiga kelele asiweze, na mumewe, ambaye maisha yake yote hajawahi kumnyima mtu msaada, akajibu usingizini, "Lete."

Mpini ukalia ka. Mkono wa kulia wa Fundi ukajifunga ngumi hewani, ukasukuma mbele, ukagoma kufunguka.

Hapo Mama Beseni alisema yote, akilia. Mumewe hakumgombeza. Alisema tu kwamba mkono unauma na anatamani kulala. Akaitwa mganga wa mtaa wa pili, mtu mwembamba ambaye riziki yake hasa ni kushona viatu. Alikifungua kirungu, akakifunga kwenye kitambaa, akafukiza, akamsemesha yule aliyekuwamo taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mpini ukaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha ukasimama wima. Ngumi ya Fundi ikafunguka, kiganja kimejaa maji.

"Ameondoka?" Mama Beseni alinong'ona.

"Ametoka kwenye chuma," mganga alisema. "Lakini mumeo alishamwambia lete. Mtu yeyote wa nyumba hii akikuambia umpokee, mama, hata kama ni sauti unayoipenda, usinyooshe mkono."

Fundi alichonga kirungu kipya cha mti. Mkwe akaja, akashukuru, akaichukua kontroli yake, na boti ikarudi kazini. Mama Beseni alianza kulala. Hata mgongo ulimpa likizo.

Kisha, alasiri moja, upepo uliamka ghafla ziwani. Walikuwa karakanani, na injini ya mkwe ilisikika mbali, ikija. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejifunga hewani, umesukuma mbele, unatetemeka. Kila ulipotetemeka, injini kule ilikohoa. Ulipolegea kidogo, injini ilizimika kabisa, ukabaki upepo peke yake, mpaka alipouma meno akausukuma tena.

"Mke wangu," alisema. Jasho lilimtiririka, na sauti ilikuwa yake, au ilifanana nayo kama virungu vile vilivyofanana. "Nimechoka. Nipokee kidogo tu."

Mama Beseni aliyakumbuka maneno ya mganga, neno kwa neno. Alimwogopa yule aliyekaa kwenye benchi. Injini ikakohoa tena, na binti yake alikuwa juu ya maji. Akajifuta mafuta ya taa kwenye kanga.

"Lete," akasema.

Fundi akadondosha mkono, akalala palepale kama mtoto. Ziwani injini ikanguruma sawasawa. Mama Beseni alisimama amekunja ngumi hewani, kiganjani mwake kukiwa na kitu cha mviringo, chenye joto, kisichoonekana. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Bega lilianza kuuma kabla hata boti haijafika gatini, na akaanza kuwaza ni nani atakayempokea yeye. Hawakuwa na mtu mwingine ila binti yao, naye alikuwa njiani anakuja.