Keekee Mdomoni mwa Gordaru

Nahuri alitambaa kwa tumbo hadi ukingo wa jabali, akachungulia.

Walikuwa pale chini, kando ya mto. Wapagazi wenye mikuki, moto, maksai wa mizigo wakicheua.

Na makapu.

Mbegu zote za Lumeti, kijiji chetu, zilikuwa ndani ya makapu hayo, zimeibwa. Mafuriko yalishashuka, tope la bondeni lilikuwa likisubiri shayiri, na ghala letu lilibaki vumbi tupu. Bila mbegu tusingepanda. Bila kupanda, tungekwenda kulima kwa Gordaru, mchuuzi wa shanga za buluu na bwana wa magendo, ambaye siku zote alitufuata kama fisi anayengoja mkono wa mtu uanguke.

Mbinja ya kwale ikasikika nyuma yake. Wachungaji walikuwa wakipitisha maneno ya Bi Ashumi kilima kwa kilima. Huyo ndiye mlinzi wa ghala letu, na mkuu wa wapelelezi wa Lumeti.

"Umewapata?"

Nahuri akajibu kwa mbinja. "Nimewapata."

"Mbegu?"

"Nzima. Makapu yamezibwa kwa lami hadi vifuniko."

"Lami ya nani?"

"Yao. Gordaru hawaamini wapagazi wake."

Mbinja ikarudi.

"Uko peke yako, mwanangu. Utayabebaje?"

"Sibebi. Ingieni kivukoni wote. Na nyavu."

Akakagua silaha. Kisu cha gumegume, kazi ya fundi Gomaru, na kwetu ukishataja Gomaru hakuna anayeuliza kama kinakata. Uta mdogo wa kuzungushia keekee. Keekee yenye ncha nyembamba kama mwiba. Kwetu watoboaji wa shanga, kama Nahuri, ndio hao hao watoboaji wa meno, na unga wetu una mchanga wa kutosha kuwapa kazi. Gordaru alikuwa ameula unga huo kwa wizi miaka na miaka.

Leo, pale kando ya moto, shavu lake lilikuwa limevimba.

Nahuri akajitanda mtandio, akashuka akipaza sauti. "Meno! Natoboa meno! Aliyelia jana leo atatafuna mfupa!"

Mlinzi aitwaye Pishku akamwekea mkuki kifuani. "We mama, simama hapo! Unatoka wapi?"

"Kwa wenye meno mabovu. Nakwenda kwa wenye meno mabovu. Fumba mdomo, kaka, nimeshaliona la kwako."

"Mwache apite, mbuzi wewe!" Gordaru alinguruma toka kwenye moto.

Akakaa juu ya jiwe, mkono shavuni. Maumivu hayakumfunga ulimi. "Fanya haraka, nina wageni. Mwezi ukiandama, Lumeti nzima itakuja hapa kuomba chakula. Nitawapa. Na wao watanipa migongo yao, wao na watoto wao."

Nahuri akazungushia uzi wa uta kwenye keekee.

"Panua, mjomba. Zaidi. Mbona kwa kujisifu unaupanua vizuri?"

Wapagazi wakacheka.

Uta ukaenda, ukarudi. Keekee ikalia. Ncha ikazama kwenye gego.

Kisha mkono ukasimama.

"Sasa nisikilize," Nahuri akasema, na sauti haikuwa tena ya mchuuzi. "Mimi ni Nahuri wa Lumeti. Keekee iko mlangoni mwa mshipa. Nikisukuma kidogo tu, utajuta kuota meno."

Gordaru akatoa macho.

Pishku akainua mkuki.

"Rusha," Nahuri akamwambia. "Nikianguka, naiangukia keekee."

Mkuki ukashuka.

"Makapu. Yote. Mtoni."

"Ati mtoni?"

"Ulisikia mlimani?"

Pishku akamtazama bwana wake. Gordaru, mate yakimchuruzika kidevuni, akapunga mkono: fanyeni. Hata akacheka kooni. Alidhani mwanamke huyu mjinga anazamisha mbegu za kwao kwa hasira.

Kapu la kwanza likatumbukia. Likazama.

Likaibuka.

Likazunguka mara moja, likadaka mkondo, likaanza safari ya kwenda kwetu. La pili likalifuata. Lami ambayo Gordaru aliipaka kwa uchoyo, wapagazi wasije wakadokoa hata punje, haikupitisha tone la maji.

Pishku aling'amua likiwa limebaki moja. "Bwana! Yanaelea! Yanarudi kwao!"

"Sukuma na hilo, kaka. Umefanya kazi nzuri."

Lilipopotea kwenye kona ya mto, Nahuri akakunja kiwiko.

Tak!

Ncha ikakatikia ndani ya jino.

"Imebaki humo," akasema. "Anayejua kuitoa ni mimi. Mtu akirusha hata kokoto, mtafute fundi mwingine, na huku milimani hayupo."

Akafuta mikono kwenye mtandio, akapita katikati yao polepole. Hakugeuka nyuma.

Hakuna aliyerusha.

Kivukoni Lumeti nzima ilikuwa imesimama, maji kiunoni, nyavu mikononi. Kapu moja lilipasukia kwenye mawe, bata wakashiba. Mengine yote tuliyadaka. Bi Ashumi alilia waziwazi, akiyakumbatia moja moja, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Tulikuwa katikati ya kupanda Gordaru alipokuja. Kwa miguu, bila mkuki, shavu limefunika jicho.

"Binti," akanong'ona. "Nakuomba. Nitolee."

Watu wakaokota mawe. Nahuri hakuinua kichwa. Aliendelea kudondosha mbegu.

"Tunapanda, mjomba. Meno baadaye."

"Nitakufa!"

"Hufi. Tungekufa sisi."

Akamtupia muo wa kuchimbia miguuni, akamwonyesha tope ambalo halijachimbwa, limetanda hadi kwenye matete.

"Ukifika kule, niite."

Nahuri akaenda zake mtoni kunawa.