Aliandika kwa Mdomo Wangu

Mwalimu alipoingia hakutaja pazia. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya kukatia vitambaa, akazunguka, akamkumbatia fundi, na akakaa hivyo muda mrefu. Fundi alibaki na mkasi mkononi, ameunyoosha kando usije ukamchoma mgeni.

Walikuwa hawajawahi kuonana. Walijuana kwa meseji tu: mwalimu wa chekechea, anataka mapazia mawili ya njano ya dirisha la chumba kidogo, atakuja mwenyewe na vipimo.

"Nisamehe," mwalimu alisema alipomwachia, huku akijifuta macho kwa kiganja. "Njiani nilijiambia sitalia. Lakini nimekusoma mwezi mzima, naona kama nakujua."

Fundi akamvutia kiti. Alidhani labda mama wa watu kakosea nyumba.

"Mimi wangu huu mwaka wa sita," mwalimu akaendelea. "Alizaliwa kimya, kama wako. Na mimi nilikataa kumtazama, kama wewe. Nesi ananisogezea, nageuzia uso ukutani. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yake. Nilipoona wewe umeandika, tena na picha ya cherehani yako hapo juu, nikasema basi, siko peke yangu."

Jambo hilo fundi alikuwa amemwambia mtu mmoja tu chini ya jua, hospitalini, siku ya pili, sauti ikiwa imemkauka: sikumtazama, nimemkataa mwanangu. Na mtu huyo muda huo alikuwa chumba cha pili, anapiga picha foronya karibu na dirisha.

"Hebu nionyeshe," fundi alisema. "Hapo uliposoma."

Mwalimu alishangaa kidogo, lakini akafungua simu na kumpa. Fundi akasoma mistari sita, akairudisha. Kisha akachukua vipimo vya dirisha, akaviandika, akamsindikiza mgeni mpaka getini na kumwambia mapazia yatakuwa tayari Jumamosi.

Mumewe watu walimwita Chapa, kwa sababu alikaa miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha uchapaji, mpaka mashine mpya zilipokuja na yeye na wenzake saba wakaambiwa kazi imekwisha. Hiyo ilikuwa miezi minne baada ya kumzika mtoto. Wakati huo fundi naye alikuwa ameacha kushona nguo za watoto, kazi iliyompa jina. Alishona mapazia, foronya, vitambaa vya meza, chochote chenye mshono ulionyooka na kisicho na mkono mdogo wa kuingizwa begani. Waliomfuata kwa ajili ya nguo za watoto wakaacha kuja. Wa mapazia walikuwa hawajamjua.

Chapa ndiye aliyesema watafute wateja mtandaoni. Alifungua blogu, akaipa jina la kazi ya mkewe, akaweka picha ya cherehani juu. Fundi alimwachia yote. Mimi na simu, alikuwa akisema, ni kupokea, kukata, na meseji mbili tatu.

Mwanzoni wageni wa blogu walikuwa tisa kwa siku. Mmoja alikuwa dada yake fundi. Wawili walikuwa Chapa mwenyewe, mara moja kwa simu na mara moja kwa kompyuta. Alihangaika kweli. Alijifunza kupiga picha kwa mwanga wa asubuhi. Aliandika namna ya kupima dirisha, namna ya kufua pazia zito lisivutike, kitambaa gani kinafaa chumba chenye jua kali. Alibadilisha vichwa vya habari, akatuma kwenye magrupu ya mtaa mpaka akatolewa kwenye mawili. Wageni wakapanda hadi arobaini, wakashuka tena. Asubuhi alikuwa akifungua ile hesabu kabla ya kunawa uso, na uso wake ulibadilika hapo hapo kufuata namba, na siku nzima ikawa ya namna hiyo.

Rafiki yake wa kiwandani ndiye aliyemwambia, wakiwa wamekaa tu, kwamba hakuna mtu anayeingia mtandaoni kusoma pazia. Watu wanataka kusoma watu.

Chapa aliondoka na neno hilo. Mchana mmoja fundi alipokwenda kununua uzi, yeye alikaa kwenye kiti cha cherehani akaandika habari ya chumba kidogo chenye pazia la njano, pazia ambalo mama alilishona akiwa na mimba ya miezi saba, na bado linaning'inia pale, na hakuna anayelifungua. Akaandika "mimi". Akaandika kama mke. Kabla ya jua kuzama siku ya pili walikuwa wamepita watu elfu sita.

Oda zikaja. Fundi alishona mpaka mgongo ukauma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikula akamaliza. Alishangaa tu, na akauliza watu wamekuwaje na njano. Chapa akamjibu kuwa ndiyo rangi ya msimu. Akacheka, na fundi akacheka naye.

Sasa fundi alirudi kutoka getini, akasimama mlangoni mwa chumba cha pili.

"Chapa. Nani amemwambia yule mama kwamba sikumtazama mwanangu?"

Chapa aliweka foronya chini. Hakujifanya hajui.

"Mimi."

"Umemwambia yeye tu?"

"Hapana."

"Wangapi?"

Akaitazama simu mkononi mwake. "Mpaka asubuhi, elfu arobaini na kitu."

Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alirudia ile namba polepole, kama mtu anayesoma lebo ya dawa.

"Mama aliyenizaa hajui. Dada yangu hajui. Nimewaficha wote. Wewe umewaambia watu elfu arobaini, tena kwa mdomo wangu."

"Hali uliiona mwenyewe, Fundi. Wiki nzima cherehani haigusi kitambaa. Nikasema naandika mara moja tu, wakishazoea kuja narudi kwenye mapazia. Wakaja. Nikarudi kwenye mapazia, wakaondoka. Nikaandika tena."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa hiyo umemtoa mtoto nje mara kumi na moja kuita wateja."

Chapa alitaka kumshika mkono, fundi akausogeza. Hakupandisha sauti. Alikunja nguo zake chache, akachukua mkasi wake wa kazi, akapita mbele yake. Chapa alimfuata mpaka barabarani akirudia kwamba atafuta, atafuta yote sasa hivi. Fundi alimwambia neno moja tu bila kugeuka.

"Usifute. Nataka nione umeniuza kwa maneno gani."

Kwa dada yake alilala siku mbili bila kusema. Dada alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, akamwacha. Siku ya tatu fundi alimwambia yote, na alipofika kwenye blogu, dada akainamisha kichwa.

"Nilisoma," dada alisema. "Tangu ya kwanza. Nilidhani wewe ndiye umeamua kusema. Nikajiambia nisikuulize, nikiuliza utajifunga tena. Usiku nikawa nakuombea."

Fundi hakuwa na pa kuficha tena. Aliomba simu ya dada, akaketi kwenye ngazi za nyuma, mchana wa jua kali, akasoma makala zote kumi na moja toka mwanzo.

Nyingine zilimkera mpaka akataka kuitupa simu. Mahali fulani "yeye" alikuwa amemsamehe mama mkwe kwa maneno ya matanga, na yeye hajamsamehe hata leo. Mahali pengine alikuwa akizungumza na Mungu kwa lugha ambayo haijawahi kumtoka kinywani. Lakini alipofika ya tisa alisimama.

*Alikuwa na nywele nyingi, zimelala upande mmoja kana kwamba kuna mtu ametoka kumchana. Kidole gumba cha kushoto alikuwa amekifumbata. Nilijaribu kukitoa nikaona nitamuumiza, nikakiacha. Kofia niliyomvalisha ilikuwa kubwa, ikamfunika macho, nikaikunja mara mbili.*

Chini yake msomaji mmoja alikuwa ameuliza: *Mbona mwanzo ulisema hukumtazama?* Hakujibiwa.

Fundi alisoma mistari ile mara nyingi. Hakumtazama mtoto; hilo lilikuwa kweli. Aliyemwosha na kumvalisha na kumbeba mpaka kaburini alikuwa Chapa, na mjomba wake. Alirudi jioni ile na udongo kwenye viatu, na fundi akamwambia mbele ya watu wote kwamba habari za mtoto zisitajwe ndani ya nyumba yake. Hazikutajwa. Mwaka mzima na miezi, watu walipita kumpa pole mama. Hakukumbuka hata mmoja aliyemuuliza baba.

Hasira haikuisha. Ila ilichanganyika na kitu kingine, na hicho kilikuwa kizito zaidi.

Alimtumia meseji: *Andika ukweli. Kwa jina lako.*

Jibu lilikuja baada ya dakika moja: *Wateja watakimbia.*

*Andika.*

Chapa aliandika. Yalikuwa maneno machache: kwamba aliyeandika yote yale si fundi, ni mumewe, kwamba hakumwomba ruhusa, kwamba alianza kwa kutaka wateja na baadaye hakuweza kuacha, kwamba mkewe hana kosa lolote na mapazia ni kazi ya mikono yake. Akaweka jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho.

Siku hiyo blogu ilipata wageni wengi kuliko siku zote tangu ifunguliwe. Walikuja kutukana. Wapo waliosema hata mtoto hakuwepo. Wapo waliosema mke alijua, wamegombana baada ya kushiba. Hadi mwisho wa wiki oda zilikuwa zimefutwa karibu zote, na Chapa, aliyekuwa akiomba mtu hata mmoja aingie, sasa alikuwa amekaa peke yake akisoma kila tusi mpaka la mwisho, kwa sababu aliona yanamstahili.

Mwalimu alimtumia fundi meseji: *Kwa hiyo yale hayakuwa yako?*

Fundi aliandika akafuta, akaandika tena. *Sikuyaandika mimi. Lakini hilo la kumgeuzia uso ni kweli. Ni langu.*

*Ahsante kwa kuniambia,* mwalimu akajibu. Mapazia hakuyaulizia tena.

Jumapili ya tatu Chapa alikuja. Dada alimfungulia mlango kwa uso wa jiwe, akamwonyesha nyuma, kisha akaingia ndani na kufunga dirisha ili asisikie. Chapa alikuwa amekonda. Hakuleta zawadi, na hakuleta wazee wa kumwombea. Alikaa ngazi moja chini ya mkewe.

"Nimeifunga," alisema. "Haipo tena."

"Sikuulizi habari za blogu."

"Ndiyo."

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua chini ya kamba ya nguo. Fundi ndiye aliyeanza.

"Zile nywele. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na kidole?"

"Na kidole."

"Ungeniambia mimi, Chapa. Kabla ya watu."

"Ulisema asitajwe."

"Nilisema. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na wewe ukalishika neno la mtu aliyechanganyikiwa mwaka mzima." Akajifuta pua kwa upande wa mkono. "Sasa nani alikuwa anakuuliza wewe?"

Chapa alitikisa kichwa. 

"Pale nilipoandika 'mimi', mwanzo ilikuwa uongo," alisema. "Baadaye sikujua tena ni wewe au ni mimi. Nilikuwa naona watu wanasema pole, pole, nikawa nazipokea zote. Hazikuwa zangu. Nilizila kama mwizi."

Fundi alimwacha alie. Hakumpapasa mgongo, lakini hakuondoka pia.

"Niambie kitu ambacho hukuwaandikia," alisema mwishoni. "Kama kipo."

"Kipo kimoja. Hicho nilishindwa kuwapa."

"Nini?"

"Jina. Mjomba alisema haina haja, mtoto hakulia, asubiriwe mwingine ndiye apewe. Nikamwambia atangulie nje. Nikamwita mtoto kwa jina kabla sijamfunika."

Fundi alishuka ngazi moja, wakawa sawa. Akasogeza sikio. Chapa akamwambia, mara moja, kwa sauti ya chini sana, na fundi akafumba macho, midomo yake ikalirudia jina lile bila sauti.

Siku ile hakurudi naye. Alimwambia waziwazi kwamba akimtazama bado anawaona wale watu elfu arobaini nyuma yake, na hajui watachukua muda gani kuondoka. Chapa akasema atangoja. Alikuwa amepata kibarua cha kufunga vitabu kwenye duka la vifaa vya ofisi, na kila Jumapili baada ya hapo alikuja akakaa kwenye zile ngazi, na fundi alimuuliza kitu kimoja, au viwili, na yeye akajibu.

Jumapili ya tisa walikwenda pamoja makaburini. Fundi hakuwahi kufika. Chapa ilibidi atangulie kumwonyesha njia. Walipofika palikuwa na majani tu na mawe manne. Fundi alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono mpaka pakawa peupe, kisha akaliita lile jina kwa sauti, kama mama anavyomwita mtoto aingie ndani. Kutoka pale waliongozana hadi nyumbani kwao.