Samaki wa Monica

Kila asubuhi Basili aliwakatia ng'ombe majani, kisha akaenda kwenye tangi la samaki. Kahawa yake shambani ilisubiri. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa Marangu nzima, kila mmoja na mizani yake, lakini bei ilikuwa ya kukatisha tamaa. Tangi lenyewe lilikuwa la saruji. Zamani alikuwa akioshea kahawa humo. Sasa lilikuwa na samaki watano.

Samaki hao waliletwa na binti yake, Monica. Monica alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya watalii. Siku moja alirudi nyumbani na ndoo yenye vitoto vya samaki. Walikuwa weupe, wenye madoa mekundu na meusi.

"Baba, hawa si wa kula," Monica alisema huku akicheka. "Wanaitwa koi. Ni wa kutazama tu. Hii ni aina ya kipepeo, ona mapezi yao yalivyo marefu."

"Samaki wa kutazama!" Basili alishangaa. "Kwa hiyo leo nitashiba kwa macho?"

Baada ya miezi michache Monica aliugua. Walimpeleka hospitali. Walimpa na dawa za miti shamba. Kila dawa iliyotajwa na mtu yeyote, Basili aliitafuta. Monica hakupona. Walimzika nyumbani, kihambani, shamba la ukoo, kwenye kivuli cha migomba.

Tangu siku hiyo mama yake, Salvina, hakusogelea tangi. Alisema moyo hauwezi. Basili yeye hakubanduka. Aliwamwagia samaki pumba na mabaki ya ugali asubuhi, mchana na jioni. Hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mwanawe.

Samaki walikua, tangi likawa dogo. Siku moja Basili aliona mapezi yao yamechanika. Juu ya vidonda palikuwa na kitu cheupe kama pamba.

"Ukungu," alisema.

Ukungu aliujua. Tangu ujana wake alipambana na ukungu wa kahawa, na dawa yake ilikuwa stoo. Ni ile dawa ya bluu, mrututu. Alichota, akakoroga ndani ya tangi, akaenda shambani akiwa na matumaini. Aliporudi jioni samaki watatu walikuwa wanaelea. Wawili waliobaki walikuwa juu ya maji, wakihema.

Salvina alimkuta mumewe ameketi chini, analia kama mtoto.

"Nimewaua, Mama Monica," alisema. "Nimewaua."

Salvina alijifunga khanga vizuri, akakimbia nyumba ya tatu kumwita Eliona. Eliona alifanya kazi na Monica hotelini, na yeye ndiye aliyetunza mabwawa ya samaki pale.

"Shikamoo baba," Eliona alisema alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Niokolee hawa wawili."

Eliona hakupoteza muda. Uani palikuwa na pipa kubwa la maji safi ya kufulia, yaliyochotwa asubuhi.

"Haya yanafaa," alisema. "Ukali wa baridi umeshapungua. Maji yakitoka kwenye mfereji wa mlimani moja kwa moja ni baridi mno. Samaki akitiwa humo ghafla anashtuka, anaweza kufa."

Aliwahamisha samaki kwa beseni, taratibu, bila kuwashika kwa mikono mikavu. Kisha akauliza, "Baba, uliweka nini?"

"Dawa ya kahawa. Niliona ukungu."

Eliona alitikisa kichwa. "Hukukosea, ukungu ulikuwepo. Lakini kahawa unainyunyizia, dawa inakauka. Samaki anaishi ndani ya maji hayo hayo na anayapumua. Mrututu una shaba. Shaba inachoma matamvua yake, haya yanayofunguka na kujifunga shavuni. Anakosa hewa."

"Na huo ukungu ulitoka wapi?"

"Pitisha mkono hapa, baba."

Basili alipapasa ukuta wa tangi. Saruji ilikuwa na mikwaruzo mikali.

"Mapezi ya hawa ni laini kama kitambaa," Eliona alisema. "Wamebanana humu, wanajikwaruza. Kidonda kikikaa kwenye maji machafu kinaota ukungu. Na maji yamechafuliwa na chakula."

"Chakula? Nimewapa kwa upendo!"

"Najua. Lakini wape kile wanachomaliza wewe ukiwa bado umesimama hapo. Kinachobaki kiondoe. Kikioza, maji nayo yanaharibika."

"Sasa nipe dawa ya kweli."

"Dawa ya kwanza ni maji safi. Tutaongeza chumvi, kijiko kidogo cha chai kwa kila lita mbili za maji. Pima, usikadirie. Baada ya hapo tunangoja."

"Kungoja!" Basili alifoka. "Hata hospitalini niliambiwa ningoje. Sikungoja. Nilimpa Monica kila kitu. Majani, mizizi, unga. Labda na yeye mimi ndiye..."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla muda wote huo. Eliona alitazama chini.

Salvina alisogea, akasimama mbele ya mumewe.

"Nisikilize," alisema. "Samaki umewaua wewe. Sitakuficha. Lakini Monica aliuawa na ugonjwa. Mimi nilikuwa pale, na daktari aliniambia mapema kwamba hatapona. Sikuwa na nguvu ya kukuambia. Mtoto hukumuua, Baba Monica."

Basili alijifunika uso kwa mikono. Alilia tena, na safari hii Salvina alikaa chini pamoja naye.

Samaki wale wawili hawakufa. Kila siku Basili alitoa sehemu ndogo ya maji ya pipa, akaongeza mengine yaliyokaa nje. Wiki baada ya wiki ukungu ulipungua, kisha mapezi yakaanza kuota tena.

Wakati huo Basili alichimba bwawa kihambani. Eliona alimwelekeza. Kina kilifika kifuani, kwa sababu koi hukua hadi kufikia urefu wa mkono, toka kiwiko mpaka vidole, au zaidi. Kuta zilisawazishwa zikawa laini. Upande mmoja migomba ilitoa kivuli. Maji ya mfereji yaliingia kwa bomba jembamba lenye wavu, kidogo kidogo. Samaki walipopona, aliwahamishia humo. Majirani wa juu walipopulizia kahawa dawa, Basili aliziba bomba. Bomba lake mwenyewe la kupulizia dawa alilioshea mbali kabisa na maji. Baridi ya Juni ilipoingia alipunguza chakula, maana samaki wakipata baridi hawasagi chakula vizuri.

Kuna asubuhi moja aliona tena doa jeupe kwenye pezi. Alitazama mlango wa stoo. Halafu akachukua ndoo, akabadilisha sehemu ya maji, akangoja. Baada ya siku chache doa lilitoweka.

Mwaka uliofuata, baada ya misa ya kumbukumbu ya Monica, wageni waliondoka mmoja mmoja. Salvina alitoka jikoni na sahani ya pumba, akaenda kusimama ukingoni mwa bwawa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwalisha. Samaki walipanda juu, mapezi yao marefu yametanda. Salvina alichota kiganja kizima.

"Kidogo tu," Basili alisema. "Wakimaliza, utawapa tena."

Salvina alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akarudisha nusu kwenye sahani. Wakasimama pale wote wawili mpaka samaki walipomaliza kula.