Majina Aliyoyatema Mwanangu

"Odeke," mama mkwe akaita, akamtia mwanangu mdomoni kidole chenye pombe ya wimbi.

Mtoto akakunja uso, akatema.

"Hilo hataki," mtu akasema.

Kwa Wateso wa hapa Angurai, mtoto huchagua jina mwenyewe. Akinyonya kidole, marehemu aliyetajwa amekubalika. Akikataa majina yote ya ukoo, watu wanaanza kumwangalia mama yake.

Mimi ni Nerima, wa Bukhayo, si Mteso. Kabla Okurut anioe nilikuwa nauzia madereva wa trela chapati kule Malaba mpakani, na watu wa kwao hawajasahau.

"Ilukor."

Akatema tena, na kilio juu.

Simu ikatetemeka. Meseji ya wifi yangu Amongin, na ameketi hapo mbele yangu: "Mama trela, anza kufunga mzigo. Huyo si wa kwetu."

"Egwang," mama mkwe akamaliza na jina la marehemu mumewe. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

"Okurut, umejionea," mama mkwe akasema.

Mume wangu akanigeukia polepole.

"Nerima, huyu mtoto ni wangu?"

Iliniuma, lakini sikulia. Tangu jina la pili nilikuwa naangalia mkono wa mama mkwe. Kabla kidole kifike mdomoni kwa mtoto, kinapitia chini ya leso aliyojifunga.

"Nitakujibu. Kwanza lamba kidole cha mama."

"Wewe, hiyo ni adabu ya wapi?" Amongin akadakia.

"Baba Mtoto, lamba tu."

Okurut akaushika mkono wa mamake. Mama akauvuta, Okurut hakuuachia. Akalamba, akatema mate kando.

"Mama, hii ni mwarobaini."



"Nilikutafutia msichana wa hapa nyumbani," mama akasema. "Ukaniletea wa barabarani."

"Kwa hivyo ulitaka nimfukuze mwanangu?"

Okurut akanawa, akachovya kidole chake kwa pombe, akapiga magoti mbele yangu.

"Niruhusu."

"Ngoja. Mdomo wake bado ni mchungu."

Nikamnyonyesha mtoto taratibu, na ukoo wote ukangoja.

"Umeniuliza kama ni wako, mbele ya watu," nikamwambia. "Hiyo sitaisahau leo wala kesho."

"Usisahau. Lakini usiende."

Nikamgeuza mtoto amwangalie.

"Egwang," Okurut akaita.

Mtoto akakidaka kile kidole, akanyonya, akakataa kabisa kukiachia.