Bima ya Doa

Kila Jumamosi asubuhi Ornella hufagia ua wa nyumba yao huko Penrith, naye mbwa wao, Doa, humfuata nyuma akitawanya majani yale yale. Jumamosi hii mama yake, Chibalonza, alimwita kutoka jikoni.

"Ornella, piga simu kwa watu wa bima ya mbwa. Uwaulize zamu yetu ya kupokea ni lini."

"Zamu gani, Maman?"

"Zamu! Kwenye likelemba kila mama anachanga kila mwezi, na siku yake ikifika anapokea. Hawa tunawapa dola sitini kila mwezi, mwaka mzima sasa. Mbona hatujaona kitu?"

Ornella aliona mama ana hoja, akapiga. Mwanamke aliyepokea simu naye akachanganyikiwa. Mwishowe alieleza kwamba hakuna zamu. Kampuni hulipa mbwa akiugua au akiumia tu. Mama alipotafsiriwa maneno hayo, alishika kiuno.

"Yaani tunalipia ugonjwa ambao haupo? Mwezi huu ukiisha, tunaacha!"

Mchana, akina mama wa likelemba walikusanyika uani kula mahindi ya kuchoma. Mama alikuwa ameonya kwamba mbwa asipewe chochote. Lakini Doa alimkodolea Ornella macho hadi akamwonea huruma, akamtupia kigunzi. Doa alikimeza karibu kizima.

Jumatatu Doa alitapika mfululizo, hataki hata maji. Mjomba Balagizi aliwapeleka kwa gari lake hadi kwa daktari wa wanyama.

"Amekula nini?" daktari aliuliza kwa Kiingereza.

Mama alimtazama Ornella, akingoja atafsiri. Kichwa cha Ornella kilivurugika. Akisema kweli, mama atamgombeza, na pengine bima itakataa kulipa kwa kuwa kosa ni lake. Akinyamaza je? Doa alilala mezani akihema kwa shida.

"Kigunzi cha mahindi," alisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. "Nilimpa mimi, Maman." Akaangua kilio.

Daktari alishukuru kuambiwa mapema, maana alikuwa anafikiria sumu. Doa alipasuliwa siku ile ile, akapona. Bima haikukataa. Familia ililipa sehemu ndogo, na kampuni ikalipa gharama nyingine zote.

"Bado sielewi," mama alisema wakirudi nyumbani. "Nimechanga kidogo, wamelipa nyingi. Hizo pesa ni za nani?"

"Za watu ambao mbwa wao ni wazima, dada yangu," Mjomba Balagizi alijibu. "Mwaka mzima wewe ndiye uliyewasaidia wao." Kisha akamgeukia Ornella. "Nawe umemkosea mama yako, usirudie. Lakini pesa zote hizo zisingemwokoa Doa kama ungeficha ukweli."

Ornella aliomba msamaha. Mama alimshika mkono.

"Basi tutaendelea kulipa," alisema, "na Mungu atusaidie tusipokee tena."